Wasomaji Wanauliza: Gavana Felipe de Neve, walowezi wake na wenyeji wa California

Katika toleo lililopita tulimgusia kwa aya mbili tu Felipe de Neve, gavana wa Kihispania aliyeitawala California kuanzia 1775 hadi 1782 na kuasisi miji ya San José na Los Angeles. Barua zilizofuata zilikuwa nyingi kuliko tulivyotarajia. Tumeyaunganisha maswali yanayofanana, na tumeyapa nafasi zaidi yale yanayohusu mambo yaliyoandikwa kwenye kanuni zake mwenyewe, kwa sababu huko ndiko gavana huyu anakoonekana vizuri zaidi.

SWALI: Kama tayari kulikuwa na askari na mapadri, walowezi walitakiwa wa nini?

JIBU: Kulima. Neve alipohamia Monterey mwezi wa Februari 1777, akitokea Loreto kule kusini, kwenye rasi ya Baja California, alikuta misheni nane za mapadri wa Kifransisko na ngome tatu za askari: San Diego, Monterey na San Francisco. Askari hawakuwa wakulima. Chakula chao kililetwa na meli kutoka bandari ya San Blas, pwani ya magharibi ya Mexico, na meli hiyo ilipanda kaskazini ikipambana na upepo na mkondo wa bahari safari nzima. Ikichelewa, ngome tatu zinashinda njaa.

Misheni zilikuwa na nafaka, lakini nafaka ile ilikuwa chini ya mapadri, nao walikuwa na wabatizwa wao (wenyeji waliobatizwa) wa kulisha. Padri angeweza kuuza, na angeweza pia kusema ghala ni tupu. Gavana anayekula kwenye ghala la padri hawezi kumwamuru padri huyo, na Neve alikuwa mtu wa kuamuru. Kwa hiyo alitaka kijiji cha wakulima huru, walio chini ya serikali moja kwa moja, wanaoiuzia ngome chakula kwa bei iliyopangwa. Aliikagua mito njiani akachagua miwili: Guadalupe karibu na misheni ya Santa Clara, na Porciúncula kusini, karibu na misheni ya San Gabriel, ambako baadaye ilianzishwa Los Angeles.

Hakungoja ruhusa ndefu. Alichukua askari 9 wa ngomeni waliojua kilimo, akaongeza walowezi 5, na tarehe 29 Novemba 1777 Luteni José Joaquín Moraga akawaweka kando ya mto Guadalupe pamoja na familia zao, watu 66 kwa jumla. Hiyo ndiyo San José.

SWALI: Mlowezi alikuwa akipewa nini hasa? Nimesoma mahali kwamba walipewa "ardhi na ng'ombe", basi. Mimi ni mwalimu, nataka hesabu.

JIBU: Hesabu ipo, mwalimu, na ni ya kina kuliko ya serikali nyingi za wakati ule. Neve aliandika kanuni za jimbo zima akiwa Monterey, akazitia saini tarehe 1 Juni 1779. Zilianza kutumika kwa muda mwanzoni mwa 1781, na mfalme akaziidhinisha tarehe 24 Oktoba mwaka huohuo. Fungu la 14 ndilo linalohusu walowezi.

Kwanza fedha. Miaka miwili ya mwanzo mlowezi alihesabiwa peso 116 na reale 3 na nusu kwa mwaka. Miaka mitatu iliyofuata, peso 60 kwa mwaka. Peso moja ni reale 8. Jumlisha utapata peso 412 na reale 7 kwa miaka mitano. Usidhani alizishika mkononi. Alilipwa kwa vitu: nguo, vyombo, mahitaji ya nyumba, vilivyokatwa kwenye hesabu yake kwa bei ya ununuzi. Jambo la bei ni kubwa kuliko linavyoonekana. Kabla ya Neve, bidhaa zilizofika California ziliongezwa bei kubwa juu ya gharama, hivyo mshahara mnono wa askari uliliwa dukani. Neve alifuta ongezeko lile, na papo hapo akapunguza mishahara. Askari walinung'unika kwa sababu tarakimu zilishuka, ilhali kilichokuwa kikiwamaliza ni bei.

Pili mifugo. Kila mlowezi alipewa farasi majike wawili, ng'ombe wawili na ndama mmoja, kondoo wawili, mbuzi wawili, jozi ya maksai, farasi wawili wa kupanda na nyumbu mmoja wa mizigo. Tatu zana: ncha ya chuma ya plau, jembe, koa (mti wa kuchimbia wenye ncha ya chuma), shoka, mundu, kisu cha porini, bunduki ya gumegume na ngao ya ngozi. Kijiji kizima kiligawiwa madume ya kupandisha, vifaa vya uhunzi pamoja na fuawe, mitalimbo, sepetu za chuma na zana za useremala, vyote mali ya pamoja.

Hakuna kilichotolewa bure ila ardhi na posho. Wanyama na zana zilikuwa mkopo wa miaka mitano, wa kurejeshwa kwa mazao au kwa wanyama wazima wa aina ileile.

Sasa ardhi. Kipimo kilikuwa vara, ambayo ni kama sentimita 84. Kiwanja cha nyumba kilikuwa vara 20 kwa 40, yaani takriban mita 17 kwa 33. Shamba moja lilikuwa vara 200 kila upande, karibu hekta 2.8, ukubwa uliohesabiwa kutosha kupanda fanega moja (kipimo cha nafaka) ya mahindi. Mlowezi alipata mashamba manne: mawili yanayofikiwa na mfereji na mawili ya kungojea mvua. Kwa Kihispania shamba hilo liliitwa "suerte", neno lenye maana ya bahati, kwa kuwa wenyewe waliyagawana kwa kura. Hakuna aliyeweza kumlaumu gavana kwa kupata shamba la mawe.

SWALI: Na walidaiwa nini kwa hayo yote? Lazima kulikuwa na kamba mahali.

JIBU: Kamba zilikuwa nyingi, na nyingine zilikaza hasa. Mlowezi hakuruhusiwa kuuza, kugawa wala kuweka rehani kiwanja au shamba. Vilirithiwa na mtoto bila kukatwa vipande. Hakuruhusiwa kuwa na zaidi ya wanyama 50 wa aina moja, ili mmoja asije akahodhi malisho ya wote. Ziada ya nafaka ilikuwa ya kuuziwa ngome, kwa bei ya serikali. Wakati wowote alitakiwa awe na farasi wawili, matandiko kamili na silaha tayari, maana alikuwa pia askari wa akiba. Kwa malipo ya hayo alisamehewa zaka na ushuru miaka mitano, na ndani ya miaka hiyo kijiji kilitakiwa, kwa hatua, kikamilishe nyumba, banio la mto, mfereji, ghala la pamoja na majengo ya umma. Kila mmoja alipaswa pia kupanda almudi moja ya mahindi (sehemu ya 12 ya fanega) kwa ajili ya mfuko wa kijiji.

Palipokwama mara kwa mara ni kwenye maji. San José ilijengwa mahali pa chini, mtoni kabisa. Banio la kwanza lilisombwa na mafuriko, mfereji ukakauka wakati mahindi yanahitaji maji, na mavuno ya mwanzo yakawa haba. Watu walivumilia mahali pale miaka ishirini hivi ndipo mji ukasogezwa juu kidogo. Wakati huohuo mapadri wa Santa Clara walilalamika kuwa kijiji kimekaa mlangoni mwao: maji ni yaleyale, na mifugo ya walowezi iliingia kwenye mashamba ya wabatizwa. Malalamiko yao yalikuwa ya kweli. Neve alichagua mahali pazuri kwa umwagiliaji bila kupima vya kutosha kitakachotokea mifugo ikiongezeka.

Kosa hilo alijaribu kulirekebisha Los Angeles. Maagizo yake ya tarehe 26 Agosti 1781 yanataka kwanza litafutwe banio linaloweza kumwagilia ardhi nyingi iwezekanavyo, kisha mahali pa mji pawe juu kidogo, karibu na mto lakini pasipofikiwa na mafuriko, na pembe za uwanja wa kati zielekezwe pande nne kuu za dunia ili upepo usipige barabara moja kwa moja. Mfereji wao mkuu, waliouita Mfereji Mama, uliendelea kutumika hadi karne ya 20 ilipoingia.

Na watu? Kati ya familia 11 zilizoasisi Los Angeles, tatu zilifukuzwa mwaka 1782, za José de Lara, Antonio Mesa na Luis Quintero, kwa maelezo kwamba hazina faida kwa mji wala kwao wenyewe. Walinyang'anywa walichopewa. Mwezi wa Septemba 1786 José Argüello, afisa wa jeshi, alipokuja kuwakabidhi rasmi hati zao waliobaki, hakuna hata mmoja aliyejua kuandika jina lake. Kila mmoja alichora msalaba.

SWALI: Je, ni kweli waasisi wa Los Angeles walikuwa na damu ya Kiafrika, au ni maneno ya mitandaoni?

JIBU: Ni kweli, na ushahidi ni orodha ya serikali ya mwaka 1781 yenyewe. Watu walikuwa 44: wanaume 11, wanawake 11, watoto 22. Orodha inaandika umri, jina na asili ya kila mzazi, na ukiihesabu utaona zaidi ya nusu walikuwa na asili ya Afrika, kwa ukamilifu au kwa kuchanganyika. Wahindi wa Mexico (yaani wenyeji wa asili wa Amerika, si watu wa India) walikuwa wengi pia. Waliohesabiwa Wahispania walikuwa wanaume wawili tu.

Sababu yake ni mahali walikotafutwa. Kapteni Fernando de Rivera y Moncada alitumwa Sinaloa na Sonora, kaskazini-magharibi mwa Mexico, kutafuta familia 24 za walowezi. Sharti lilikuwa mtu mwenye ndoa, mwenye afya, mchapakazi, na kati yao apatikane mwashi, seremala na mhunzi. Mwenye shamba la kueleweka hakutaka kwenda jangwani kwa peso 116 za nguo, kwa hiyo waliokubali walikuwa maskini, na katika majimbo yale maskini wengi walikuwa wazao wa Waafrika na Wahindi. Hata hivyo Rivera hakuipata idadi yote.

Cha kuchunguza zaidi ni orodha ya mwaka 1790. Baadhi ya watu walewale waliokuwa "mulato" (mchanganyiko wa Mzungu na Mwafrika) mwaka 1781 wameandikwa kwa majina ya tabaka la juu kidogo. Ngozi haikubadilika, ila mwandishi alimwona mbele yake mtu mwenye shamba na ng'ombe. Na mwaka 1788 aliyeshika cheo cha alkalde, mkuu wa mji, alikuwa José Vanegas, aliyeorodheshwa kama Mhindi.

SWALI: Wenyeji wa mahali pale walikuwa akina nani, na gavana aliwaomba ardhi?

JIBU: Los Angeles ilikaa jirani kabisa na kijiji cha Yaanga, cha Watongva, ambao Wahispania waliwaita Wagabrielino kwa jina la misheni. Sheria ya Hispania kwa Amerika ilisema mji mpya usiwadhuru wenyeji wala kuchukua ardhi yao, na Neve aliitaja kanuni hiyo. Lakini hakuna mahali katika kanuni zake panapoeleza namna ya kukaa na wenyeji na kukubaliana mpaka. Ardhi isiyo na shamba la kulimwa ilihesabiwa ya mfalme. Sasa Watongva hawakulima: walikusanya mbegu za nyasi, matunda ya mialoni (ndiyo unga wao), samaki na wanyama. Kwa macho ya mpimaji ardhi yao ilikuwa tupu, kumbe ilikuwa ghala lao.

Athari ilikuja kwa miguu minne. Farasi na ng'ombe walikula nyasi kabla hazijatoa mbegu, nguruwe wakaokota matunda ya mialoni. Zamani wenyeji walichoma nyasi kwa mpango ili zichipue upya. Baada ya Neve, mwaka 1793, serikali ilipiga marufuku uchomaji huo. Chakula cha porini kilipopungua, mtu wa Yaanga alibaki na njia mbili: kwenda misheni abatizwe, au kwenda kufanya kibarua kwa mlowezi.

Hapo ndipo utaona kwa nini walowezi wachache waliweza kulima. Wanaume 11, kila mmoja na hekta 11, nyumba ya matofali ya udongo ya kujenga na mfereji wa kuchimba: bila mikono ya Watongva kazi ile isingewezekana. Walilipwa nafaka, nguo, blanketi, shanga. Mbatizwa hakuruhusiwa kutoka misheni bila ridhaa ya padri, kwa hiyo vibarua walikuwa hasa wale ambao hawajabatizwa. Kwa gavana hiyo ilikuwa kazi huru ya ujira. Mapadri waliona tofauti: kila kibarua wa mjini ni mtu asiyekuja kubatizwa. Wote wawili walikuwa wakigombea mikono ileile, na wenye mikono hawakuulizwa na yeyote.

SWALI: Ugomvi wake na Padri Junípero Serra ulihusu nini? Kila mwandishi anautaja, hakuna anayeueleza.

JIBU: Ulikuwa ugomvi wa mambo mengi, lakini kiini ni kimoja: mwenyeji aliyebatizwa yuko chini ya nani? Serra, mkuu wa misheni, alishikilia kwamba ni mtoto wa kiroho, na padri ana mamlaka ya baba juu yake, pamoja na kumchapa. Neve alishikilia kwamba ni raia wa mfalme anayepaswa kufundishwa kujitawala, na mwisho wa safari misheni igeuke kuwa mji wa kawaida.

Basi mwishoni mwa 1778 aliagiza misheni za zamani zifanye uchaguzi: wabatizwa wachague kutoka miongoni mwao maalkalde na madiwani, kila mwaka. Jambo hilo halikulitunga yeye. Lilikuwa sheria ya kale ya makoloni ambayo huku kaskazini haikuwa imefuatwa. Kilichowauma mapadri ni kipengele kimoja: alkalde aliyechaguliwa hakupaswa kuchapwa na padri. Akikosa, kosa lake liende kwa mamlaka ya serikali.

Serra alipinga, kisha akatii kwa namna yake. Mapadri walielekeza nani apigiwe kura, na mara nyingi waliochaguliwa ni wale waliokwisha kuwa watumishi wao. Alkalde alipewa fimbo ya cheo (nayo huitwa "vara", neno lilelile la kipimo cha ardhi) na kazi yake ya kila siku ikawa kuwahimiza wenzake kwenda kazini na kanisani, na kuwachapa wasiokwenda. Mpango uliotungwa kupunguza nguvu za padri ukampatia padri mkono wa ziada. Tunadhani Neve hakuliona hilo mapema kwa sababu alifikiri cheo peke yake kinampa mtu uhuru.

Hata hivyo haukuwa mchezo mtupu. Baadhi ya maalkalde walikuwa watu wazito kwao kabla ya ubatizo, na walikitumia cheo kivyao. Baltazar wa misheni ya San Carlos, karibu na Monterey, alikorofishana na mapadri, akakimbilia milimani mwaka 1780 na kukusanya wafuasi. Nicolás José wa San Gabriel, aliyewahi kuwa alkalde, alishiriki mwaka 1785 katika njama ya kuishambulia misheni pamoja na mwanamke aitwaye Toypurina, mganga mwenye sauti vijijini. Wakati huo Neve alikuwa ameshakufa. Moja ya sababu alizotoa Nicolás José ni kukatazwa ngoma zao.

Waligombana pia juu ya kipaimara, kwa ufupi: Serra alikuwa na kibali cha Papa cha kutoa sakramenti hiyo ingawa hakuwa askofu. Neve alidai aone karatasi zenye idhini ya serikali, na utoaji ukasimama kwa muda mpaka 1781. Kisheria gavana alikuwa na hoja. Kiutu, alikuwa akimchokoza mzee mgonjwa.

SWALI: Kwa nini njia ya nchi kavu kutoka Sonora ilifungwa mwaka 1781? Mliandika "maafa ya Yuma" bila maelezo.

JIBU: Tuwie radhi. Njia hiyo ilivuka mto Colorado mahali palipokuwa mikononi mwa Waquechan, ambao Wahispania waliwaita Wayuma. Asiyeelewana nao havuki. Kiongozi wao, Salvador Palma, alifika hadi Jiji la Mexico akabatizwa mwaka 1777, na alirudi na ahadi za zawadi, mapadri na urafiki.

Aliyepanga yaliyofuata ni Teodoro de Croix, mkuu wa majimbo ya kaskazini na bosi wa Neve, si Neve. Croix alitaka kubana matumizi. Badala ya ngome kamili alianzisha vijiji viwili, Concepción na Bicuñer, kati ya mwisho wa 1780 na mwanzo wa 1781, vikiwa na mapadri wanne, familia za walowezi na askari wachache, wote wamechanganywa. Makosa yalikuja kwa mfuatano. Zawadi zilizoahidiwa zilikuwa kidogo. Waquechan hulima kwenye tope linaloachwa na mto unaporudi baada ya mafuriko, na ardhi ya namna hiyo si nyingi, na walowezi waliichukua. Ng'ombe wakaingia mashambani. Kamanda wa hapo, Santiago de Islas, akaanza kuwachapa wenyeji na kuwafunga kwenye mkatale, hata watu wenye heshima.

Juni 1781 ndipo Rivera akafika na msafara uliokuwa ukienda California. Walowezi wa Los Angeles hawakuwamo: wao walivushwa Ghuba ya California kwa mashua hadi Loreto, kisha wakapanda kwa rasi, wakawekwa kando karibu na San Gabriel kwa kuwa ndui iliwashika baadhi ya watoto. Rivera alikuwa na mamia ya farasi na ng'ombe waliochoka. Aliwatanguliza watu wengi, akabaki na wanyama ng'ambo ya mto wapumzike. Wanyama wale waliteketeza miti ya meskiti, ambayo maganda yake ni chakula cha Waquechan cha miezi ya njaa.

Tarehe 17 Julai vijiji vyote viwili vilishambuliwa. Siku iliyofuata Rivera na askari wake wakauawa. Waliokufa walizidi 100, pamoja na mapadri wote wanne. Wanawake na watoto wengi walichukuliwa mateka, na Pedro Fages, afisa wa jeshi, aliwakomboa baadaye mwaka huo kwa tumbaku, blanketi na shanga. Neve mwenyewe aliongoza askari kuelekea mtoni mwaka 1782, lakini Waquechan hawakuvunjwa nguvu, na njia haikufunguliwa tena kwa miaka mingi. California ikarudi kwenye meli ya San Blas.

SWALI: Maafa hayo yalimfundisha nini gavana?

JIBU: Yalibadilisha namna alivyoingia kwa Wachumash wa mlango bahari wa Santa Bárbara, taifa lenye vijiji vikubwa vya wavuvi na mitumbwi ya mbao za kushonwa. Ngome ilitangulia: ilianzishwa tarehe 21 Aprili 1782, yeye akiwepo. Alikataza askari kuingia vijijini ovyo, akataka mabadilishano yafanywe kwa haki na anayemdhulumu mwenyeji aadhibiwe mbele yake. Yanonali, mkuu wa kijiji cha jirani, alielewana na Wahispania, na Wachumash wakasaidia ujenzi kwa kulipwa chakula na nguo.

Mpango wake mwingine ulikwama. Alitaka misheni mpya za eneo hilo ziwe za kufundisha dini tu: Wachumash wabaki vijijini mwao, misheni isiwe na mashamba wala mifugo. Kwa hesabu ilikuwa na mantiki, kwani hakukuwa na ardhi ya kuwalisha watu wengi vile mahali pamoja. Mapadri sita walioteuliwa walikataa. Hoja yao ilikuwa ya wazi: padri asiye na chakula cha kugawa hapati wa kumsikiliza. Serra alikuwa ameshaanzisha San Buenaventura tarehe 31 Machi 1782 kwa mtindo wa zamani, na Neve hakuizuia. Misheni ya Santa Bárbara ilikuja Desemba 1786, nayo kwa mtindo uleule, na kufikia hapo Wachumash walianza kuhamishwa kutoka pwani kidogo kidogo.

SWALI: Alifia wapi?

JIBU: Mbali na California. Akiwa kwenye ule msafara wa Colorado mwaka 1782 alipata barua ya kupandishwa cheo kuwa mkaguzi mkuu, akamwachia Fages ugavana hukohuko njiani, na kumwandikia maagizo marefu ya tarehe 7 Septemba. Mwaka uliofuata alichukua nafasi ya Croix kama mkuu wa majimbo yote ya kaskazini. Alifariki tarehe 21 Agosti 1784 kwenye shamba moja la kaskazini mwa Mexico. Serra alimfuata siku saba baadaye, tarehe 28, kwenye misheni ya San Carlos karibu na Monterey, kabla habari hazijamfikia.